Jumamosi za Temeke na Geti la Naitrojeni

Mtani,

Sikuulizi habari za huko, maana ukinijibu nitataka ushahidi, na ushahidi wako siku hizi siuamini. Nianze na za huku. Sweta lako la Iringa, lile la rangi ya udongo ulilokuwa ukilivaa Dar es Salaam mwezi wa pili watu wakikutazama kama mgonjwa wa homa, liko kwangu Sinza. Mkeo, Mama Tumaini, amenipa. Alisema watani wana haki yao. Nikalichukua kwa sababu siku ya msiba wako nilikuwa nimeshalivaa na jasho langu limeshaingia.

Sijalifua na sijalivaa tena. Limetundikwa nyuma ya mlango, na kila nikipita nalisemea mbovu.

Nikueleze nilivyolivaa, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoharibika. Jeneza lilikuwa sebuleni kwenu Mbezi, wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume nje chini ya turubai. Mngoni akifiwa na Mhehe ana kazi yake, hilo hatukuwahi kubishania. Nikaingia chumbani kwako, nikavaa sweta, nikaweka miwani yako puani, nikatoka nikitembea kama wewe, mikono nyuma, mguu wa kushoto ukichelewa. Watu wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikatangaza kwamba mbwa wote wa Mbezi wametuma rambirambi na kwamba kuanzia leo watalala bila wasiwasi wa kuliwa na Mhehe. Mkeo, macho yamevimba, akacheka mpaka akajishika tumbo. Kaka yako mkubwa akanijibu kwamba panya wa Songea nao wanaomba nami nifuate haraka. Ulikuwa msiba mzuri, mtani. Mpaka hapo ulikuwa msiba mzuri.

Halafu nikataka kukuaga kwa heshima. Nikapanda kwenye kiti cha plastiki, nikainua kidole kama ulivyokuwa ukikiinua darasani, nikasema kwa sauti yako: "Umri wa nyota zile unajulikana, hakuna ubishi. Na kama kuna mzee huko Temeke anaulizia rula, mwambieni rula ninayo mimi."

Majirani walicheka. Benchi la watu wa chuo halikucheka. Wanafunzi wako walitazama chini kama watoto waliosikia tusi kanisani. Na mbele kabisa, katikati ya kaka zako wawili, mahali anapokaa mtu wa nyumbani, alikuwa amekaa Mzee Mkude mwenyewe, huyo huyo wa Temeke na rula yake. Nilipomwona nilidhani amekuja kama maadui wanavyokuja, kuhakikisha. Akanitabasamia kwa upole. Ule upole ndio ulionishtua. Huyu mtu kwa miaka yote hakuwahi kunipa hata chembe ya upole.

Asnath, yule mwanafunzi wako uliyekuwa ukisema atakupita, akaja akanishika mkono. "Mama, shuka kwanza." Akanipeleka nyuma ya nyumba, penye masufuria ya msiba, moshi ukituingia machoni wote wawili.

"Dokta aliachana na namba hiyo ya umri," akasema. "Mwaka juzi. Aliitangaza hata darasani. Mzee Mkude anajua. Sie tulidhani amekwambia."

Nilivua miwani yako. Sweta lilikataa kuvuka kichwani, nikabaki nalo.

Sasa nisikilize, na safari hii huwezi kukata simu.

Tulianzaje vita ile? Wewe ulikuwa na programu yako ya kompyuta uliyorudi nayo kutoka masomoni, unazijenga ndani yake nyota ndogo, za uzito wa Jua au pungufu, unazizeesha, unaangalia zinavyotoka kwenye utulivu na kuanza kuvimba kuwa majitu mekundu. Ukilinganisha na yale makundi ya nyota kongwe yaliyokusanyika kama mpira, unapata umri wake. Mie nilikuwa na safu yangu ya gazetini na hasira zangu. Nchi hii imejaa watu wanaosema chochote kuhusu mbingu, nikakuomba unipe kitu cha kweli cha kuwarushia. Ukanipa nyota zako, na umri wake ukiwa namba moja kamili, bila koma.

Mkude akaandika kujibu. Mhadhiri mstaafu wa hisabati, mjivuni, anayeandika kwa mhariri kama watu wengine wanavyokunywa chai. Hakubisha kwamba nyota ni kongwe. Alichouliza ni kimoja: ile kasi ya mmenyuko wa nyuklia mliyoiweka ndani ya modeli, mmeipima wapi? Akasema hakuna aliyeiona ikitokea katika joto la tumboni mwa nyota ndogo, maana huko hutokea mara chache mno kwa chombo kuinasa. Maabara hupima kwenye nguvu kubwa zaidi, kisha huvuta mstari kushuka hadi pale nyota ilipo. "Huo mstari," aliandika, "mmeuvuta kwa rula ya nani?"

Ulicheka ukanipigia simu. Ulisema, "Mngoni, huyu ni wa kwako, mmalize." Nami nikammaliza. Nilimmaliza kwa miaka. Nilimwita mzee wa rula, nikamwita fundi cherehani wa mbingu, nikasema anapimia nyota kiuno. Watu wa Sinza walikuwa wakinisimamisha njiani kunisifu. Kila nilichoandika kilitoka kwako.

Na ulinifundisha vizuri, hilo siwezi kulikana. Unakumbuka ulivyonisindikiza stendi ya Mbezi Luis nilipokuwa naenda Songea kumzika mama? Nilikuwa nalia, wewe hujui kubembeleza mtu, ukaanza kunifundisha nyota. Tulikuwa tumesimama mbele ya geti ambalo abiria wote walikuwa wakipita mmoja mmoja, mlinzi anakagua tiketi kwa uvivu, nyuma watu wamerundikana na mabegi na ndoo na magodoro.

Ukasema, "Tazama. Watu wanadhani kinachoamua ni wingi wa mabasi. Kinachoamua ni huyu bwana."

Ukaniambia kwamba nyota kama Jua sehemu kubwa ya maisha yake hugonganisha protoni na protoni. Lakini haidrojeni ya katikati ikikaribia kuisha na joto likapanda, njia nyingine inashika kazi, ile ya kaboni, naitrojeni na oksijeni, zinazopokea protoni moja baada ya nyingine na mwisho kuitoa heliamu. Na katika mzunguko ule hatua zote zina haraka, isipokuwa moja: naitrojeni kupokea protoni. Hapo wote wanasubiri. "Nipe kasi ya geti hilo," ulisema, "nikwambie nyota itazeeka lini." Nikapanda basi nikiwa nimeacha kulia. Njia nzima mpaka Songea nilikuwa nafikiria geti la naitrojeni. Hakuna mtu aliyenifariji vizuri kuliko vile, na ndiyo maana leo nina hasira kiasi hiki.

Kwa sababu geti lilikuwa jembamba zaidi ya ulivyoniambia.

Asnath alinieleza yote, tumekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Kuna watu waliopeleka vyombo vyao chini ya mlima, ambako mwamba unazuia miale ya kutoka angani isivuruge vipimo, wakaipima hatua ile chini zaidi kuliko mtu yeyote aliyewatangulia. Wakakuta naitrojeni ni mvivu kuliko ilivyodhaniwa, karibu nusu ya kasi ya zamani. Hilo halikuwa jipya, mtani. Lilikuwa limeshazeeka. Lakini programu yako ulirudi nayo na namba za zamani ndani yake, na hukuwahi kulifungua lile jedwali la kasi. Ulikuwa ukibadilisha uzito wa nyota, unabadilisha madini yake, unabadilisha kila kitu, jedwali liko pale pale. Asnath ndiye aliyelifungua.

Alisema ulivua miwani. Asubuhi hiyo hiyo uliijenga nyota upya mwenyewe, kwa kasi mpya, ukatoka kwenye korido ukawaambia, "Nyota zangu zimezeeka kabla ya chai ya saa nne." Kila mtu akacheka. Geti likiwa jembamba, nyota inachelewa kuondoka kwenye utulivu wake, kwa hiyo kundi unalolikuta limefikia hatua ya kuondoka ni kongwe kuliko ulivyosema. Karibu miaka bilioni moja, pungufu kidogo. Ulimwengu haukuvunjika kwa hilo, bado una umri wa kuzitosha nyota zake. Ila ile nafasi kati ya umri wa nyota na umri wa ulimwengu, niliyowaandikia wasomaji kwamba ni pana kama uwanja wa mpira si pana hivyo.

Uliwaambia wanafunzi. Ulimwambia mhudumu wa ofisi, maana hata yeye alikuwepo kwenye korido. Ukampigia simu Mkude.

Hukunipigia mimi.

Nimejaribu kukutetea, ujue. Nilisema labda aliona aibu, labda alisahau, alikuwa na presha. Lakini kuna jambo moja linanirudisha nyuma kila nikijaribu. Kila makala niliyoandika kuhusu nyota nilikusomea kwenye simu kabla sijaituma. Unakumbuka? Nasoma, wewe unanyamaza, nasikia redio yenu kwa nyuma, nikimaliza nauliza, "Vipi?" na wewe unasema, "Tuma."

Mwaka huu wa mwisho nilikusomea ile niliyomwambia Mkude ameshindwa na hataki kukubali kwa sababu wazee wa hisabati hawajui kushindwa. Nilikusomea polepole, nilijivunia ile sentensi. Ulikuwa umeshajua. Alikuwa ameshashinda, na wewe mwenyewe ndiye uliyempelekea habari za ushindi wake. Nikasikia redio, kisha ukasema, "Tuma."

Nikatuma.

Ulinifanya nini pale, mtani? Nimegombana na maaskofu, na wabunge, na maprofesa wenye magari ya serikali. Nimekosea mara nyingi na nimepigwa hadharani, siogopi. Lakini kila nilikokosea nilikosea nikiamini. Wewe uliniacha niseme uongo kwa kinywa changu huku ukweli umeukalia wewe.

Nilimuuliza Mama Tumaini kwa nini, siku ya kuanua matanga. Tulikuwa tunakunja mikeka. Alifikiri sana halafu akasema, "Dada, alikuwa anakuogopa. Alisema, Mngoni akijua atanichapa gazetini mpaka Iringa wasikie." Akasema ulisema kwa kucheka. Kisha akanishika mkono: "Na mie nakuomba. Usimwandike. Ameshakufa."

Ulinijua kwa miaka yote ile, umekula kwangu, umenisindikiza kumzika mama, na ulichokiona kwangu ni mdomo. Mbwa wa kufungulia wageni. Na mbwa haambiwi kwamba mgeni ameshakuwa rafiki, anafungiwa bandani tu wageni wakila.

Na kweli mlikuwa mnakula. Hilo nimelipata Temeke.

Nilikwenda. Sikutaka, nilitaka kukaa Sinza nikuchukie kwa starehe. Lakini mhariri ananiuliza kila juma iko wapi makala ya kumuaga Dokta, na siwezi kuandika neno moja bila kujua nani alijua nini. Nikapanda gari nikaenda kwa mtu niliyemtukana kuliko mtu yeyote katika nchi hii. Nikabisha hodi, akafungua mwenyewe, kavaa msuli na fulana.

"Shikamoo mzee," nikasema. Hebu fikiria.

"Marahaba, mchokozi. Umechelewa, nilikutegemea tangu msibani. Ingia, viatu vaa tu."

Ana sebule ndogo yenye vitabu mpaka juu ya friji. Akanionyesha kiti chako. Una kiti huko, kumbe. Akasema ulikuwa ukija Jumamosi, mkewe anapika wali wa nazi na maharage, mnabishana mpaka jua linapungua. Akasema wewe ni mtu wa kwanza katika maisha yake kumpigia simu kumwambia, "Ulikuwa sahihi kuuliza." Alipolisema hilo aliangalia dirishani. Nikamwonea wivu, mtani. Mie hukuwahi kunipa sentensi kama ile.

Halafu akasema, kama jambo la kawaida, "Safu yako alikuwa anaisoma hapa kwa sauti. Ile ya fundi cherehani tulicheka mpaka mama akatoka jikoni."

"Mlikuwa mnanicheka," nikasema.

"Tulicheka. Hatukuwa tunakucheka wewe."

"Mzee, mimi naishi kwa maneno. Tofauti hiyo naijua kuliko wewe."

Akakubali kwa kichwa. Ana adabu yule mzee, inaudhi. Nikamuuliza kwa nini yeye, ambaye jina lake ndilo lililokuwa likiburuzwa, hakunijibu gazetini na kuumaliza mchezo. Akasema ulimwomba asubiri. Ulimwambia lazima nisikie kutoka kwako. "Kila Jumamosi akiondoka," alisema, "nilimuuliza, umeshamwambia? Naye anasema, wiki ijayo. Nikamwambia, Kihwele, huyo mwanamke si moto, ni mtu. Akasema, mzee, wewe humjui, mimi nampenda yule, sitaki anitazame vibaya."

Sijui nilifanye nini neno hilo. Nimelileta nyumbani na sijui niliweke wapi. Ungenipenda ungeniambia. Au labda ulinipenda na hukuniambia, na vyote viwili ni kweli, na mie ndiye niliyebaki navyo mkononi. Mishipa ya kichwa ikapasuka ukiwa unanyoa ndevu. Ndevu, mtani. Upande mmoja ulikuwa bado na povu, Mama Tumaini alisema. Wiki ijayo ikaishia hapo.

Nilikaa kwa Mkude mpaka chakula kikaiva. Nilikataa kula kwenye kiti chako, nikahamia mkekani. Tulibishana. Mie nilisema sayansi isiyojua kasi ya geti lake haina haki ya kutaja umri. Yeye akasema hapana, sasa nimeruka ng'ambo ya pili, niache kuruka. Akasema umri unatajwa, ila unatajwa na upana wake, kutoka hapa mpaka hapa, na unasema wazi ni nini kinaupanua: geti la naitrojeni, kiasi cha madini, umbali wa kundi lenyewe. "Wewe na Kihwele mlipenda namba moja," alisema, "kwa sababu namba moja inapiga kelele." Nilimwambia upana hauuzi gazeti. Akasema gazeti lenyewe linafungiwa vitumbua jioni. Ningemjua mapema huyu mtu, mtani. Ungenigawia tu. Jumamosi mbili kwa mwezi zingenitosha.

Habari nyingine za huku. Asnath amechukua kazi yako. Ameliweka jedwali la kasi mlangoni, mwanafunzi haruhusiwi kuijenga nyota kabla hajasema kila kasi ilitoka wapi na inaweza kukosea kiasi gani. Sasa ameingia kwenye hatua ya baadaye, nyota ikishakuwa jitu jekundu na heliamu kuwaka katikati, viini vitatu vya heliamu kufanya kaboni, kisha kaboni kumeza kingine kuwa oksijeni. Anasema huko ndiko kubaya zaidi, kasi ile ya mwisho bado inawasumbua duniani kote, na kwa kasi hiyo ndipo inapojulikana nyota ikifa itabaki jivu la nini. Nilipomuuliza jibu ni lipi akacheka: "Mama, ukitaka namba moja nenda kwa mganga." Ana mdomo. Amejifunza kwako, au kwangu.

Tumaini amenyoa nywele kwa ajili yako na zimeanza kuota. Mama Tumaini amerudi kazini. Redio yenu amenipa niisikilize akiwa hayupo, nikakataa, kwa sababu naijua sauti yake kutoka upande wa pili wa simu.

Na makala. Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kukuchapa mpaka Iringa wasikie, kama ulivyobashiri, na ilikuwa nzuri, ni bora kuliko chochote nilichowahi kumwandikia Mkude. Kila sentensi ilikuwa na damu. Nikaisoma peke yangu kwa sauti, nikafika mwisho, nikasubiri. Hakuna aliyesema kitu. Nikaichana.

Ya pili ilikuwa ya sifa tupu. Hiyo nayo nikaichana, haraka zaidi.

Ya tatu inatoka Jumapili. Inasema geti la naitrojeni ni jembamba kuliko nilivyowaandikia, na nyota zile ni kongwe zaidi, kutoka hapa mpaka hapa. Inasema Mzee Mkude wa Temeke aliuliza swali sahihi na nikamjibu kwa matusi. Inasema kwamba Dokta Kihwele alipoonyeshwa kosa la modeli yake alilitangaza siku ile ile mbele ya wanafunzi wake, akampigia simu mpinzani wake, na kwamba ni wasomi wachache katika nchi hii ninaoweza kuwasemea hivyo. Yote ni kweli. Wasomaji watajiuliza kwa nini basi mie niliendelea na vita, na watanidhania mjinga au mkaidi. Waache. Mama Tumaini alinikamata mkono akaniomba, na siku ile mikono yake ilikuwa baridi.

Kwamba ulinificha, hilo halimo. Hilo nimekuandikia wewe peke yako, hapa.

Lakini usidhani nimemaliza. Sijakusamehe, Kihwele. Nimejaribu asubuhi na nimejaribu njiani kutoka Temeke, haijatoka. Nitakwenda kwa Mkude Jumamosi, nitakaa mkekani, nitabishana naye kwa niaba yangu mwenyewe. Nitajifunza kutaja umri pamoja na upana wake, hata kama kelele yake ni ndogo. Na siku nitakayokusamehe, ikiwa ni mwaka huu au nikiwa kikongwe, nitavaa vizuri niende makaburi ya Kinondoni nikwambie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, siku hiyo hiyo. Sitamwambia mtu mwingine kwanza.

Pumzika, mtani. Kwa sasa pumzika bila hilo.

Sabina, Mngoni wako
Sinza